Aggrey, mwalimu ambaye tezi yake ilibaki bila kuisha

Wafanyabiashara wa Butembo wenye kushuka Dar es Salaam kutafuta vitu wanaijua Aggrey, njia moja ya pale Kariakoo yenye maduka mengi. Upande wa Uganda na Kenya, wanaume wengi wanaitwa Aggrey, na si kila mmoja anajua jina hilo lilitokea wapi. Lilitokea kwa mwalimu mmoja wa Gold Coast, inchi ambayo leo inaitwa Ghana, aliyekufa New York tarehe 30 Julai 1927. Alikuwa amefika pale kumaliza doktora.

James Emman Kwegyir Aggrey alizaliwa tarehe 18 Oktoba 1875 mjini Anomabo, kando ya bahari. Baba yake, Kodwo Kwegyir, alikuwa msemaji wa mfalme, ni kusema mtu mwenye kubeba maneno ya mkubwa mbele ya watu. Mtoto alirithi ulimi ule. Alisoma kwa Wamethodiste pale Cape Coast, na akiwa kijana kabisa akaanza yeye mwenyewe kufundisha. Hakuna aliyemtuma kwenda kusoma ualimu miaka na miaka. Alifundisha mchana, usiku akasoma, na mbele ya kufikisha miaka 25 alikuwa tayari mkubwa wa shule.

Mwaka wa 1898 askofu mmoja wa kanisa la AME Zion, kanisa la watu weusi wa Marekani, alikuwa anatafuta vijana Waafrika wa kufundishwa kule ili warudi kusaidia kwao. Aggrey akaenda. Alipokelewa Livingstone College, katika mji mdogo wa Salisbury, jimbo la North Carolina. Alimaliza mwaka wa 1902 akiwa kati ya wale wa kwanza, na shule ile ile ikamwajiri kama mwalimu. Mpango ulikuwa kurudi nyumbani. Alikaa pale zaidi ya miaka 20.

Hapa inafaa kusimama kidogo, sababu ndiyo sehemu ya maisha yake ambayo watu wengi wanairuka. Wanapenda kuongea juu ya Aggrey wa hotuba. Lakini kwa miaka mingi Aggrey alikuwa mwalimu tu wa shule la kanisa lisilo na pesa, katika jimbo ambako mtu mweusi alikaa kwenye vagoni yake na alinyimwa kura. Alioa Rose Douglass, binti wa Virginia, wakazaa watoto. Mshahara haukutosha. Aliongeza kazi ya uchungaji, makanisa mawili madogo ya kijijini nje ya mji, na katikati ya wakulima wale akaanza kuwasaidia kupanga namna ya kuweka akiba pamoja na kukopeshana. Yaani wiki yote ilikuwa imejaa: darasa, mahubiri, watu wenye shida mlangoni.

Katika maisha ya namna ile ndipo alipopanga doktora. Hakuacha kazi. Hakuweza. Alitumia likizo kubwa ya walimu. Shule ikifungwa, alipanda treni kwenda New York kufuata masomo ya kiangazi kwenye Columbia University, ambako kulikuwa moja ya vyuo vikubwa kabisa vya elimu ya ualimu. Alisoma sosiolojia, saikolojia na mambo ya elimu. Shule ikifunguliwa, alirudi Salisbury kusahihisha kazi za wanafunzi. Mwaka uliofuata, tena. Mwalimu wa Beni mwenye licence, ambaye anapiga hesabu ya DEA na tezi kule Kisangani ao Kinshasa, atatambua hesabu hii bila kuelezewa: wenye kazi wanasoma kwa vipande, na kila kipande kinangoja kingine.

Kanisa lake lilikuwa limekwisha kumpa doktora ya heshima katika teolojia, na watu wakamwita Doktere Aggrey popote alipopita. Angeweza kutosheka na hiyo. Wengi wanatosheka. Yeye aliendelea kutafuta ile ya kusomea.

Mwaka wa 1920 kazi mpya ikakata mpango wake. Mfuko wa Phelps-Stokes wa New York ulikuwa unatuma tume kutazama shule za Afrika, ikiongozwa na Thomas Jesse Jones. Walimwomba Aggrey aingie, na alikuwa Mwafrika mmoja peke yake katika tume ile. Walizunguka Afrika ya magharibi, wakafika Kongo ya Wabeleji, Angola na Afrika ya Kusini. Kwa Wakongomani wa wakati ule, mtu mweusi mwenye kukaa meza moja na wazungu na kupima kazi ya shule zao lilikuwa jambo lisiloonekana. Kongo haikuwa na univerisite hata moja. Lovanium ilikuja tu mwaka wa 1954. Mwenye akili nyingi, njia yake ya kusoma mbali ilikuwa seminari.

Safari ya pili, mwaka wa 1924, ilimfikisha Kenya, Uganda na Tanganyika. Watu walijaa kumsikia. Alipenda kuonyesha kwa mfano wa piano kama nyimbo nzuri inataka vidude vyeusi na vyeupe vipigwe pamoja, na alisimulia hadithi ya tai aliyelelewa na kuku mpaka akasahau kuruka. Aliwambia pia wazazi wasiwaache mabinti nyumbani, kwa maana elimu ya mwanamke inaingia katika jamaa yote.

Si wote walimpigia makofi. Tume ile ilishauri Waafrika wafundishwe zaidi kilimo, ufundi na usafi, mambo ya kijijini kwao. W. E. B. Du Bois, msomi mweusi wa Marekani, alimshambulia Jones vikali kwa mawazo ya namna hiyo, akiona ni njia ya kumfungia mweusi chini. Lawama hiyo ina uzito. Aggrey mwenyewe alikuwa amekula Kilatini na Kigiriki, na alikuwa anatafuta cheo cha juu kabisa cha univerisite. Asingekuwa yule aliyekuwa kama angefundishwa jembe tu. Lakini alipopata nafasi ya kujenga, alijenga kitu kikubwa kuliko ripoti ile. Gouverneur Guggisberg wa Gold Coast alikuwa anaanzisha shule kubwa pale Achimota, na Aggrey akarudi kwao kufanya kazi chini ya mkubwa wa shule, A. G. Fraser. Alisukuma wasichana waingie pamoja na wavulana. Shule ilifunguliwa rasmi mwezi wa Januari 1927. Alama yake mpaka leo ni vidude vya piano, vyeusi na vyeupe.

Kurudi huku kulikuwa na bei. Tezi ilibaki. Rose naye alirudi Salisbury na watoto, na mtoto wa nne, Rudolph, alizaliwa kule mwezi wa Julai 1926. Aggrey alikuwa na miaka 51, na shule mpya mikononi. Mwaka wa 1927 alipewa likizo, na alijua ataitumia kwa nini: alivuka bahari, akaenda New York kuandika tezi. Alishikwa na ugonjwa ghafula, wakampeleka hospitali ya Harlem, na hakutoka. Walimzika Salisbury. Rudolph alikuwa na mwaka mmoja na siku sita. Baadaye alikuja kuwa balozi wa Marekani katika Senegal na Gambia, halafu Romania.

Kijana mmoja aliyekuwa anasomea ualimu Accra alipigwa sana na habari ya kifo kile, akashindwa hata kula. Alikuwa Kwame Nkrumah, na wazo la kwenda kusoma Marekani lilikomaa ndani yake kutokea pale.

Karibu na Beni, ngambo ya mpaka, kulikuwa Muganda Ernest Balintuma Kalibala. Yeye pia alifuata njia ya Aggrey mpaka Marekani, akasoma Columbia, akarudi na kufungua shule karibu na Kampala, akaiita Aggrey Memorial. Kisha akarudi tena darasani. Doktora yake, ya Harvard, ilipatikana mwaka wa 1946.