Adams Sherman Hill

Adams Sherman Hill (1833 – 25 Desemba 1910) alikuwa mwanahabari na profesa wa balagha kutoka nchini Marekani. Anakumbukwa hasa kwa kuanzisha na kusimamia somo la utunzi wa insha lililokuwa la lazima kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza wa Chuo Kikuu cha Harvard. Somo hilo, lililoitwa English A, liliigwa na vyuo vingi vya Marekani.

Maisha ya awali na uandishi wa habari

Hill alizaliwa mjini Boston, katika jimbo la Massachusetts. Alihitimu Harvard mwaka 1853, darasa moja na Charles William Eliot, ambaye baadaye alikuwa rais wa chuo hicho. Mwaka 1855 alimaliza masomo ya sheria hapohapo, lakini hakudumu katika uwakili. Alijiunga na gazeti la New York Tribune, na wakati wa Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani alikuwa mwandishi wake mjini Washington. Mwaka 1864 alishirikiana na Henry Villard na Horace White kuanzisha shirika dogo la habari lililouza taarifa za Washington kwa magazeti ya miji mingine.

Kazi hiyo ilimzoesha kuandika kwa ajili ya msomaji mwenye haraka. Alama yake inaonekana wazi katika mafundisho yake ya baadaye, ambayo yalitanguliza uwazi na kukata maneno ya ziada.

Kurudi Harvard

Eliot alipokuwa rais wa Harvard mwaka 1869 alianza kupunguza masomo ya lazima na kuwaachia wanafunzi wachague wenyewe. Hata hivyo aliona kwamba Kiingereza kilikuwa kimepuuzwa. Shule zilizoandaa vijana kwa ajili ya chuo zilitumia muda mwingi kwa Kilatini, Kigiriki na hesabu, kwa sababu hayo ndiyo yaliyotahiniwa. Kijana aliweza kuingia chuoni bila kuwahi kufundishwa kuandika ukurasa mmoja wa lugha yake mwenyewe.

Mwaka 1872 Eliot alimwita Hill awe profesa msaidizi wa balagha. Wengi walishangaa, kwa kuwa Hill hakuwa mwanazuoni bali mtu wa gazeti. Mwaka 1876 alipewa uprofesa wa Boylston, cheo ambacho mtu wa kwanza kukishika alikuwa John Quincy Adams, aliyekuja kuwa rais wa Marekani. Hill alichukua nafasi ya Francis James Child, ambaye sasa alibaki na fasihi ya Kiingereza.

Mtihani wa kuingia chuoni

Kuanzia mwaka 1874 kila aliyetaka kujiunga na Harvard alitakiwa kuandika insha fupi kuhusu kitabu kilichotangazwa mapema. Katika orodha ya kwanza zilikuwemo tamthilia za Shakespeare na riwaya ya Ivanhoe ya Walter Scott. Insha ilipimwa kwa tahajia, uakifishaji, sarufi na namna ya kujieleza.

Matokeo yalikuwa mabaya. Mwaka 1879 karibu nusu ya watahiniwa walishindwa, na waliofaulu vizuri walikuwa wachache sana, ingawa wengi wao walitoka katika shule zenye sifa. Mwaka huohuo Hill aliandika makala akieleza kwamba kosa lilikuwa la shule, na kwamba chuo kilichelewa mno kulirekebisha. Wakati huo balagha ilikuwa somo la lazima la mwaka wa pili. Hill alitaka lisogezwe hadi mwaka wa kwanza. Alisema kama Kiingereza kingefundishwa mara tu kijana anapoingia chuoni, shule zingeona kwamba juhudi zao zina faida na zingekifundisha kwa bidii zaidi.

Ombi hilo lilisubiri miaka sita, kwa kuwa ratiba ya mwaka wa kwanza ilikuwa imejaa masomo mengine. Somo lilihamishwa mwaka 1885. Mfumo wa masomo ya hiari ulipozidi kupanuka, English A lilibaki karibu peke yake kama somo la lazima.

Mafundisho na vitabu

Kitabu chake maarufu zaidi ni The Principles of Rhetoric (1878), alichokirekebisha mwaka 1895. Vingine ni Our English, The Foundations of Rhetoric (1892) na Beginnings of Rhetoric and Composition (1902). Kwa Hill, balagha ilikuwa ufundi wa kumfikishia mwingine ujumbe kwa lugha, wala haikuwa sayansi. Sehemu kubwa ya kitabu inahusu makosa ya matumizi ya maneno, kisha uwazi, nguvu na uzuri wa maneno.

Mwenyewe aliona upungufu wa mtindo huo. Katika Our English alilalamika kwamba lugha ya insha za wanafunzi, hata isipokuwa na makosa, ilikuwa kavu na isiyo na uhai kuliko lugha yoyote aliyoijua.

Kusahihisha ndiko kulikokuwa mzigo mkubwa. Insha zilikuwa maelfu kila mwaka, na kila moja ilisomwa, ikawekewa alama za makosa na kurudishwa iandikwe upya. Hill alisaidiwa na walimu kama LeBaron Russell Briggs na Barrett Wendell, aliyeajiriwa mwaka 1880. Wendell alianzisha mazoezi ya kuandika kila siku mambo ambayo mwanafunzi ameyaona kwa macho yake.

Miongoni mwa waliopitia mafunzo hayo ni W. E. B. Du Bois, aliyeingia Harvard mwaka 1888. Insha yake ya kwanza ilipewa alama ya kushindwa, jambo ambalo halikuwahi kumtokea. Alikuwa ameandika kwa hasira kuhusu ubaguzi wa rangi, bila kujali sana umbo la maneno. Hakuiacha hoja yake, ila alikubali kwamba lugha mbovu ingeidhoofisha, na baadaye akajiandikisha kwa hiari katika darasa la Wendell.

Upinzani

Katika miaka ya 1890 kamati ya bodi ya Harvard, iliyokuwa na Charles Francis Adams Jr., E. L. Godkin na Josiah Quincy, ilichunguza insha za wanafunzi na hata kuchapisha nakala zake pamoja na makosa yote. Kama Hill, kamati ililaumu shule. Shule nazo ziliona zinabebeshwa orodha za vitabu ambazo hazikuzitunga. Fred Newton Scott wa Chuo Kikuu cha Michigan alipinga waziwazi vyuo kuzitawala shule kwa mitihani, na malalamiko ya aina hiyo yalichangia kuanzishwa kwa Baraza la Taifa la Walimu wa Kiingereza mwaka 1911, huku Scott akiwa rais wake wa kwanza.

Wanahistoria wa ufundishaji wa uandishi wamemlaumu Hill kwa kuigeuza balagha kuwa uwindaji wa makosa. Lawama hiyo ina ukweli, ingawa Hill alitarajia kwamba siku moja shule zingefanya kazi hiyo na chuo kishughulikie mambo ya juu zaidi.

Hill alistaafu mwaka 1904, na uprofesa wa Boylston ukachukuliwa na Briggs. Alifariki siku ya Krismasi mwaka 1910. English A liliendelea kufundishwa Harvard kwa miaka mingi baada yake.