Thomas Nast na Penseli Yake

Wanafunzi wenzangu, na ninyi wakubwa zetu mliokwisha kutoka shuleni, nataka kuwasimulia habari za mtu aliyemwangusha mwizi mkubwa kwa penseli. Thomas Nast alizaliwa Landau, Ujerumani, mwaka 1840, akapelekwa New York angali mtoto wa miaka sita. Shuleni hakusifika, alipenda kuchora tu. Alipopata miaka 15 akaajiriwa na gazeti la picha, na tangu mwaka 1862 akawa mchoraji wa gazeti la Harper's Weekly.

Siku hizo mchoraji alichora juu ya kibao cha mti mgumu, mambo yote kinyume. Kisha mafundi wakachonga kwa kufuata mistari yake, ndipo kibao kikapakwa wino.

Mji wa New York ulikuwa mikononi mwa William Tweed na wenziwe. Walijenga jumba la mahakama, na mafundi waliambiwa waongeze hesabu zao, ziada ikarudi mifukoni mwa wakubwa. Mwaka 1871 Nast akamchora Tweed wiki baada ya wiki: tumbo kubwa, na mahali pa kichwa mfuko wa fedha. Tweed hakujali sana maandishi ya magazeti, maana wengi waliompigia kura hawakujua kusoma. Lakini picha hata asiyesoma huiona. Yasemekana mtu wa benki alimwendea Nast, akamwahidi dola 100,000 akubali kwenda Ulaya kujifunza uchoraji. Nast akavutana naye bei kama mtu aliye sokoni, hata zikafika 500,000, kisha akakataa. Naye mshahara wake ulikuwa kama dola 5,000 kwa mwaka!

Tweed akafungwa, akatoroka mwaka 1875, akakamatwa Hispania mwaka uliofuata. Waliomkamata walimtambua kwa picha ya Nast, na kwa kuwa ilimwonyesha amewashika watoto wawili, walidhani ni mwizi wa watoto. Akarudishwa, akafa gerezani mwaka 1878.

Lakini mimi simsifu kwa yote. Penseli ile ile iliwachora watu wa Ireland kama nyani, na maaskofu wa Kikatoliki kama mamba. Huo ulikuwa uonevu. Wengi wa Waairishi wale walikuwa maskini waliovuka bahari, kama walivyovuka wazazi wake.

Mwaka 1877 gazeti la mzaha la Joseph Keppler, liitwalo Puck, likaanza kutoka kwa Kiingereza, na picha zake za rangi zikawavuta watu. Mwaka 1884 Nast akapoteza akiba yake, kampuni aliyoiamini ilipofilisika. Akaanzisha gazeti lake mwenyewe mwaka 1892, likafa upesi. Mwaka 1902 Rais Theodore Roosevelt akampa kazi ya balozi mdogo Guayaquil, Ecuador. Homa ya manjano ilipozuka, wageni wengi wakakimbia. Nast akabaki kazini, akipeleka mshahara nyumbani ulipe madeni. Tarehe 7 Desemba homa ile ikamwua.