Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui na Swali la Mzazi wa Singida: Je, Ufundi Ni Elimu?

Sifa zote njema ni za Allah, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, Aali zake na Masahaba zake.

Tulipokuwa Singida mjini katika safari ya daawa, baada ya darsa ya Alasiri alitufuata mzazi mmoja na swali. Kijana wake amemaliza kidato cha nne, na anataka kwenda chuo cha ufundi stadi kusomea umeme na kuchomelea vyuma. Baba anaona hiyo ni aibu. Kwa fikra yake ufundi ni wa waliofeli, na kijana aliyehifadhi juzuu kadhaa hafai kushika nyundo. Akataka kujua dini inasemaje. Tulimjibu kwa ufupi palepale, lakini jibu refu tumeliona katika maisha ya mwanachuoni mmoja wa mwambao wetu, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, Allah amrehemu.

Sheikh Al-Amin alizaliwa Mombasa mwaka 1891 katika nyumba ya elimu. Baba yake alifariki yeye akiwa bado mtoto mdogo, akalelewa na kusomeshwa na jamaa yake, Sheikh Suleiman bin Ali Mazrui, aliyekuwa Kadhi. Kisha akavuka bahari kuja kwetu Unguja, akakaa mbele ya Sayyid Ahmad bin Sumeit na Sheikh Abdallah Bakathir. Hao ndio waliokuwa nguzo za elimu katika zama zao, na wote wawili walifariki mwaka 1925.

Utoto wake ulikutana na mabadiliko makubwa. Mwaka 1896 Waingereza walianza kujenga reli kutoka Mombasa, na mwaka 1901 ikafika Ziwa Viktoria. Waashi, wahunzi, maseremala na mafundi wa injini waliletwa kwa maelfu kutoka Bara Hindi. Wenyeji wa pwani walikuwa na mashamba, majahazi na heshima ya ukoo, lakini kazi mpya zilihitaji mikono yenye ujuzi mpya, na mikono hiyo haikuwa yao. Wengi wakaanza kuuza ardhi kipande baada ya kipande ili waendeshe maisha na kugharimia arusi. Sheikh aliyaona hayo kwa macho yake, na yakamuuma.

Alikuwa msomaji wa jarida la Al-Manar la Sheikh Rashid Rida wa Misri, na fikra za Sheikh Muhammad Abduh zilimwingia. Mwaka 1930 akaanzisha gazeti lake dogo, Sahifa, kwa Kiswahili cha hati za Kiarabu. Mwaka 1932 akatoa Al-Islah, kwa Kiswahili na Kiarabu. Baadhi ya makala zake zilikusanywa baadaye katika kitabu kiitwacho Uwongozi. Humo aliwakemea watu wake kwa uvivu, kwa israfu za arusi na kwa kuuza ardhi. Akawahimiza kufanya kazi, kulima, kufanya biashara na kusomesha watoto. Aliwaambia kuwa wanaowaiga Wazungu katika mavazi na starehe wameshika lisilofaa, wakaliacha la maana, nalo ni elimu, umoja na juhudi ya kazi.

Skuli ya serikali kwa ajili ya watoto wa Kiarabu ilikuwa imefunguliwa Mombasa mwaka 1912. Sheikh hakuwaambia watu waikimbie. Alichokilalamikia ni kwamba dini na lugha ya Kiarabu havikupewa haki yake humo. Wakati huohuo alisikitishwa na vyuo vya Kurani ambavyo mtoto alitoka akiwa amesoma bila ya kufahamu. Akawaandikia watoto kitabu cha dini, Hidayatul Atfal, na akaanzisha madrasa Mombasa, akaipa jina la Imam Ghazali.

Jina hilo tulizingatie. Imam Ghazali, katika Ihya, ameeleza kwamba ujuzi ambao jamii haiwezi kuishi bila ya huo, kama utabibu, hesabu, kilimo, ufumaji na ushoni, ni faradhi ya kutosheleza. Wakiusimamia baadhi, wengine husalimika. Ukikosa mtu, wote wanapata dhambi. Basi mwenye kujifunza ufundi kwa nia njema amebeba mzigo wa umma mzima.

Sheikh Al-Amin aliteuliwa Kadhi wa Mombasa mwaka 1932, na mwaka 1937 akawa Kadhi Mkuu wa Kenya. Alifariki mwaka 1947, akiwa na umri wa miaka 56. Hakuwahi kuona chuo kikubwa cha ufundi kilichojengwa Mombasa kwa ajili ya Waislamu wa Afrika Mashariki, kilichopokea wanafunzi wa kwanza mwaka 1951. Miongoni mwa waliochangia kukianzisha ni Sultani wetu wa Zanzibar, Sayyid Khalifa bin Harub, pamoja na Aga Khan na jamaa wa Kibohora. Mwanawe Sheikh, Ali Mazrui, ambaye baadaye alikuja kuwa profesa mashuhuri, alifanya kazi humo katika ujana wake. Mwaka 1966 chuo kilifunguliwa kwa wote, na leo ndicho Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa.

Mafunzo mawili tunayapata hapa. La kwanza, umma uliodharau kazi za mikono uliajiri wageni kisha ukauza ardhi. Singida leo ina alizeti na vitunguu. Anayejua kutengeneza mashine ya kukamua mafuta ndiye atakayebaki na faida. La pili, Sheikh hakukubali mtoto achaguliwe baina ya dini na dunia. Alitaka vyote viwili, na dini iwe ndiyo msingi.

Kwa hiyo jibu letu kwa mzazi wa Singida ni hili. Kijana wako aende, na wewe umpe baraka zako. Nabii Nuhu aliunda jahazi, Nabii Daudi alifua vyuma, Nabii Zakaria alikuwa seremala, amani iwe juu yao. Hakuna aibu katika kazi waliyoifanya Mitume. Lakini usimpeleke ukamwacha. Hakikisha anapata nafasi ya kusali kwa wakati, na umtafutie ustadhi wa kumsikiliza juzuu zake mwisho wa wiki zisije zikampotea. Na umfunze uaminifu, kwani fundi mwenye hila huharibu jina la dini yake kwa kila nyumba anayoingia.

Tunamuomba Allah amrehemu Sheikh Al-Amin, na awajaalie vijana wetu elimu yenye manufaa na riziki ya halali. Amin.

Wallahu aalam.