Binti wa muuza misumari aliyezijengea nyumba kazi za mikono

Mwaka jana tulipokuwa tukirekebisha nyumba, mawingu yalitanda ghafla na fundi akaniomba kitu cha kufunikia simiti. Nikampa mkeka wa marehemu bibi yangu, aliousuka mwenyewe kwa miyaa ya rangi. Sikusita hata kidogo. Mvua ilipokatika, mkeka ulikuwa umekwisha.

Baadaye ndipo niliposoma habari za Florence Dibell Bartlett, nikaona haya. Mama huyu wa Kimarekani aliyefariki zamani alikuwa radhi kusafiri mbali kufuata vitu vya aina ile ile niliyoifunikia simiti.

Alizaliwa mwaka 1881, katika familia ya matajiri wa Chicago. Baba yake, Adolphus Bartlett, alikuwa mkubwa wa kampuni ya Hibbard, Spencer, Bartlett, iliyouza vifaa vya hadiwea kwa jumla. Misumari, nyundo, misumeno, kufuli, bawaba. Mali ya nyumba ile ilitoka huko. Nami naona kuna kichekesho kidogo hapa, kwani bidhaa za kiwandani kama hizo ndizo zilizomwondolea riziki fundi wa kijijini. Mhunzi anayefua bawaba moja moja atashindana vipi na maboksi yanayoshushwa kutoka gari la moshi? Kwetu huku mkeka wa plastiki umeingia kwa mlango huo huo. Bibi alikuwa akimaliza wiki kadhaa kwenye ukili, na dukani unatoka na mkeka uliokunjwa kwa dakika mbili.

Watoto wa Bartlett walikuwa na ugonjwa mmoja, wa kupenda sanaa. Kaka yake, Frederic, alikuwa mchoraji na mkusanyaji, na mwaka 1926 aliipa jumba la sanaa la Chicago ile picha kubwa ya Mfaransa Georges Seurat ya watu wakipunga hewa Jumapili kando ya mto. Dada yake, Maie, pamoja na mumewe Dwight Heard, walianzisha makumbusho mjini Phoenix mwaka 1929, na makumbusho hayo yana jina lao mpaka leo. Florence yeye akashika njia ya peke yake. Alipenda vitu ambavyo wenye pesa wa wakati wake hawakuviita sanaa: nguo za harusi za vijijini, mapambo ya fedha, vyungu, mabakuli ya mbao, vitambaa vilivyotariziwa na mama wa nyumbani baada ya kulaza watoto. Alisafiri na kununua. Kazi za watu wa Sweden alizipenda mno.

Nyumba yake ya pili ilikuwa Alcalde, kijiji cha New Mexico karibu na mto Rio Grande, kaskazini ya mji wa Santa Fe. Aliiita El Mirador. Jimbo lile ni la nyanda za juu, kavu, na nyumba zake za kale ni za matofali ya udongo. Nadhani pale ndipo mahali palipomfaa, kwa sababu alizungukwa na Wahindi Wekundu waliokuwa wakifinyanga vyungu na watu wa asili ya Kihispania waliokuwa wakifuma na kuchonga mbao, na vitu vile vilikuwa bado vinatumika majumbani.

Kisha akafanya jambo ambalo wakusanyaji wengi hawaliwezi: akavitoa. Alilipa jimbo la New Mexico mkusanyiko wake, vitu zaidi ya 2,000 kutoka nchi zaidi ya 30, akatoa na pesa za kujenga jengo la kuviweka. Mchoraji wa ramani ya jengo alikuwa John Gaw Meem, aliyejulikana sana kwa majengo ya mtindo wa kienyeji wa huko. Makumbusho yalifunguliwa Santa Fe mwaka 1953, miaka minane tu baada ya vita vikuu vya pili kwisha, na mlangoni paliandikwa imani yake kwamba kazi ya fundi huwafunga pamoja watu wa dunia. Jina rasmi la mahali pale linataja sanaa za jadi za kimataifa, halimtaji yeye. Mwaka uliofuata, 1954, alifariki. Aliiona nyumba yake ikiwa wazi kwa muda mfupi sana.

Hakuyashuhudia yaliyokuja baadaye. Mwaka 1978 msanifu Alexander Girard na mkewe Susan waliongeza vitu zaidi ya 100,000, vikajengewa jengo lake lililofunguliwa mwaka 1982.

Sitamfanya walii. Tajiri akinunua kwa mtu wa kijijini, bei mara nyingi huamuliwa na mwenye mfuko. Na kuna jambo jengine linanikera. Kwa picha ya kaka yake, dunia nzima inajua kuwa ni ya Seurat. Kwa vitu alivyokusanya Florence, vingi vinajulikana kwa nchi na kwa kijiji, basi. Mama aliyetarizi hana jina. Sidhani ni kosa lake peke yake, maana hata mnunuzi akiuliza, mara nyingi watu wa nyumbani wenyewe hawakuandika popote.

Mimi nimebakiwa na kawa moja ya bibi, ya kufunikia chakula, nyekundu na zambarau, iliyokatika ukingoni. Ilikuwa juu ya kabati ikila vumbi. Juzi nimeishusha, nikaipangusa, na kwa ndani nikaandika kwa wino jina lake na la baba yake. Mwaka aliousuka hakuna aliyeukumbuka. Shangazi ameniahidi atamuuliza mkubwa wao Lamu.