Marehemu Paul Bomani na Mizani ya Pamba

Aghalabu husemwa kwamba ni siasa ya Ujamaa iliyoipa Serikali yetu mkono mrefu hata ukafika ghalani mwa mkulima. Jibu hilo lina ukweli wake, wala hatukusudii kulipinga lote. Walakini sisi twaona kwamba mkono huo ulikwisha kurefuka kabla ya Azimio la Arusha, na atakaye kujua jinsi ulivyorefuka, yafaa ayatazame maisha ya Marehemu Bwana Paul Bomani.

Alizaliwa Ikizu, katika nchi ya Musoma, mwaka 1925, mwana wa mchungaji wa Waadventista. Akiwa kijana alikuwa karani katika machimbo ya almasi ya Mwadui, kisha akawa katibu wa chama cha ushirika cha wafanyabiashara Waafrika wa Mwanza. Katika kazi hiyo ndipo alipolielewa barabara lalamiko la wakulima wa pamba wa Usukuma: mizani. Mkulima wa Ntuzu au Kanadi alilima, akapalilia, akachuma, akabeba mzigo wake mpaka kwa mnunuzi, na huko uzito ukasomwa na mtu yule yule aliyetaka uwe mdogo. Bomani na wenzake hawakwenda kumwomba Gavana awaletee mkaguzi. Waliweka wapimaji wao wenyewe penye magulio ya pamba, mkulima akapima kwanza kwa mwenzake kabla hajapima kwa mnunuzi. Kutokana na mizani hizo vikazaliwa vyama vya msingi, na mwaka 1955 vikaungana kuwa Victoria Federation of Co-operative Unions, Bomani akiwa msimamizi wake mkuu baada ya kusoma mambo ya ushirika Loughborough, Uingereza.

Hapana budi tukumbuke Serikali ya wakati huo ilikuwa ya namna gani. Tangu mwaka 1947 Waingereza walikuwa na mpango wao wa kuiendeleza Usukuma, nao uliendeshwa kwa amri. Mkulima aliamriwa namna ya kupiga matuta, aliamriwa kupunguza ng'ombe wake, na asiyetii alitozwa faini mbele ya baraza la mtemi. Halmashauri ya pamba nayo ilizuia sehemu ya bei katika miaka mizuri, ikaiweka akiba kwa niaba ya mwenye mali bila kumwuliza mwenyewe. Waliofanya hayo hawakuwa wajamaa hata kidogo. Waliamini tu kwamba bwana shamba anajua, na mkulima hajui. Imani hiyo, kwa maoni yetu, ndiyo iliyoikuza Serikali Tanganyika kuliko itikadi nyingine yoyote. Ujamaa uliikuta nyumba imekwisha jengwa, ukaongeza vyumba.

Na Bomani mwenyewe? Hapa twapenda kusema kweli bila kumvunjia heshima. Kufikia mwaka 1959 pamba yote ya Jimbo la Ziwa ilinunuliwa na ushirika. Vinu vya kuchambulia pamba vilianza kuwa mali ya wakulima, na watu walikuja kutoka mbali kutazama kazi ile. Ulikuwa ushindi mkubwa. Lakini mkulima wa Maswa, ambayo siku hizo ilikuwa pamoja na Bariadi, hakuwa tena na mlango wa pili wa kubishia hodi. Ushirika uliozaliwa kwa sababu mkulima alitaka mizani ya pili, sasa ulikuwa na mizani moja. Ukiritimba ule ulisimama kwa idhini ya Serikali, na kilichotolewa na Serikali chaweza kutwaliwa nayo.

Bomani akaingia katika Serikali yenyewe: Waziri wa Kilimo mwaka 1960, kisha Waziri wa Fedha tangu 1962. Vyama vya ushirika vikaenezwa nchi nzima kwa haraka, hata mahali ambapo hakuna aliyeviomba. Katika uchaguzi wa mwaka 1965 wapiga kura wa Mwanza walimwangusha, yeye aliyekuwa amewajengea ushirika wao. Rais Nyerere akamteua kuwa Mbunge, akaendelea na uwaziri. Mwaka 1966 tume ya Rais ilisikiliza malalamiko mengi ya wakulima juu ya makato, uzembe na wizi. Malalamiko yalikuwa ya haki. Dawa iliyochaguliwa ilikuwa kuutia ushirika ule mkononi mwa Serikali mwaka uliofuata, na badala yake ukaja Nyanza Co-operative Union. Hivyo kosa la wasimamizi likawa sababu ya kumnyang'anya mwanachama.

Mengine twayapita upesi, maana yajulikana. Mwaka 1974 watu wa mkoa wa Shinyanga, Bariadi ikiwa ndani yake, walihamishiwa vijijini, wengine mbali na mashamba waliyoyazoea. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilifutwa nchini kote kwa amri, na mamlaka ya pamba ya Serikali ikawa inanunua moja kwa moja vijijini. Siku hizo Bomani alikuwa Balozi wetu Washington, alikokaa tangu 1972 hata 1983. Mtu aliyeanza kwa mizani yumo katika jumba la ubalozi, na mizani ile sasa yashikwa na mwajiriwa wa Serikali.

Sheria ya mwaka 1982 iliurudisha ushirika; mwaka 1994 wanunuzi binafsi walirudi; na mwaka 2018 Serikali ikaagiza tena kwamba pamba ipitie vyama vya msingi. Safari hiyo nayo agizo lilitoka juu. Bomani hakuliona: alifariki mwaka 2005, akiwa Mkuu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mkoa wa Simiyu, uliozaliwa mwaka 2012, waongoza kwa pamba nchini, na wakulima wake huleta mizigo yao kwenye mizani ya chama. Nani aliyeichagua kamati inayoisimamia mizani hiyo, na nani awezaye kuiondoa, ni jambo ambalo kila mwanachama wa Bariadi anayo haki ya kuliuliza katika mkutano mkuu, kabla msimu haujafunguliwa.