Bibi Salme na Asumini ya Mtoni

Wasomaji wengi wamekwisha kulisikia jina la Bibi Salme binti Said, yule binti wa Sultani aliyetoroka Unguja kwa ajili ya mapenzi. Habari ya mapenzi yake imesimuliwa mno, wala sina haja ya kuirefusha. Mimi namtafuta Salme mwingine, yule aliyetuachia maelezo ya jinsi watu wa jumba la pwani walivyoutunza mwili kabla madukani hayajajaa mikebe ya krimu.

Alizaliwa mwaka 1844 katika jumba la Mtoni, kaskazini ya mji wa Unguja. Baba yake ni Seyyid Said bin Sultan, na mama yake, Jilfidan, alikuwa suria wa Kicherkesi. Jumba lilikuwa na mamia ya watu, na uani palikuwa na safu ya hamamu. Humo watu hawakuingia mbiombio kama sisi tunavyojimwagia ndoo moja tukatoka. Wengine walikaa saa nyingi, wakaoga, wakalala, wakasali, wakala. Mbele ya hamamu ilisimama michungwa mirefu, na watoto walijificha matawini wakimkimbia mwalimu wao mkali.

Asubuhi bibi aliamshwa kwa kukandwa viungo polepole. Nguo zake zililazwa usiku kucha pamoja na maua ya asumini na ya mchungwa, kisha zikafukizwa kwa ambari na miski kabla hazijavaliwa. Haya yote tunayajua kwa sababu Salme alikuwa mtundu. Kuandika hakufundishwa, alijifundisha kwa siri, akinakili herufi za Msahafu juu ya mfupa wa bega la ngamia.

Naandika nikiwa Voi, ambako vumbi jekundu na ukavu wa nyika hupasua visigino hata vya kijana. Nyumba zetu hapa bado zina chupa ya mafuta ya nazi, na arusi ikikaribia hutafutwa manjano na liwa, bibi arusi asingwe. Mafuta hayo yapakwe mara tu baada ya kuoga, ngozi ingali na unyevu, ili maji yasiitoroke. Ongeza embe la Taveta na papai, maana ngozi hulishwa kutoka ndani pia. Mkorogo wa kuchubua rangi ni jambo jingine: mara nyingi huwa na zebaki, na zebaki huharibu figo.

Lakini hata liwa ina kesi yake. Zamani sandali ilikuja kwa majahazi kutoka Bara Hindi. Siku hizi wezi wanaufuata msandali wa vilima vyetu vya Taita Taveta, na kwa kuwa mafuta yake yamejaa mizizini na shinani, mti haukatwi tawi, hung'olewa mzima. Ukisha kung'olewa hauchipui tena. Serikali ilipiga marufuku uvunaji wake mwaka 2007, na mwaka 2013 msandali wa Afrika Mashariki ukatiwa katika orodha ya mimea inayolindwa katika biashara ya nchi na nchi. Bado unaibwa, ukafanywe marashi ng'ambo.

Tena liko jambo ambalo Salme alilieleza bila haya, nami siwezi kulipita. Mikono iliyomkanda bibi, iliyoteka maji na kuchuma asumini, ilikuwa ya watumwa, na kitabuni mwake aliutetea utumwa huo. Njia ya misafara kutoka Mombasa kwenda Kilimanjaro ilipita huku huku kwetu, Taita na Taveta, na si kila mzigo uliobebwa ulikuwa wa pembe. Tunapousifu ulaini wa ngozi za Mtoni, tuikumbuke na ngozi ya aliyekanda.

Raha hiyo haikudumu. Baba yake alifariki baharini mwaka 1856, na mwaka 1859 kipindupindu kikamchukua mama. Mwaka huo huo, akiwa msichana wa miaka kumi na mitano, Salme aliingia katika fitina ya ndugu zake, akawa mwandishi wa barua za Barghash aliyempinga Majid. Mwaka 1866 alitoroka kwa manowari ya Waingereza, akiwa na mimba ya mfanyabiashara Mjerumani, Heinrich Ruete. Huko Aden, mwaka 1867, alibatizwa kwa jina la Emily, akaolewa. Hapo wengi wetu husita, na mimi nasita. Hukumu ni ya Mwenyezi Mungu.

Mwaka 1870 mumewe alikufa kwa ajali ya tramu mjini Hamburg, akamwachia watoto watatu wadogo. Binti aliyekandwa kila asubuhi sasa alifundisha Kiarabu apate chakula cha watoto. Mwaka 1885 alirudi Unguja kudai urithi, na aliyekataa kumpokea ni Barghash yule yule aliyemwandikia barua. Mwaka uliofuata alichapisha kumbukumbu zake kwa Kijerumani, na humo ndimo ilimobaki ile michungwa.

Aliishi Beirut miaka mingi, kisha akarudi Ujerumani, akafia Jena mwaka 1924. Alizikwa Hamburg, na kaburini mwake ukatiwa mfuko mdogo wa mchanga wa pwani ya Unguja, aliokuwa amekaa nao miaka yote hiyo.