Al-Jahiz, Muuza Samaki Aliyewapanga Wanyama

Siku moja mjukuu wangu alitoka skuli akaniambia kwamba pomboo si samaki. Mimi ni mtoto wa mvuvi, na marehemu baba alinitia baharini kabla sijajua kusoma. Basi nilimcheka mbele ya wazee barazani, nikamwambia hayo ni maneno ya vitabu vya Wazungu. Mtoto aliinamisha kichwa akaenda zake. Baadaye nilisoma maisha ya mtu mmoja wa Basra, na ndipo haya zikanishika.

Mtu huyo ni Abu Uthman Amr bin Bahr. Watu walimpa lakabu ya al-Jahiz, yaani mwenye macho yaliyotokeza, na ndiyo iliyobaki. Alizaliwa Basra, nchi ya Iraki, karibu na mwaka 776, katika nyumba ya kimaskini. Jamaa yake mmoja alihadithia kuwa babu yao alikuwa mtu mweusi, mchunga ngamia. Katika ujana wake al-Jahiz aliuza mikate na samaki kando ya mfereji wa mji huo. Yasemekana usiku alikodi maduka ya wauza vitabu, akajifungia humo akisoma mpaka kukicha.

Elimu hiyo ilimfikisha Baghdad, kwa makhalifa na mawaziri. Kitabu chake kikubwa ni Kitab al-Hayawan, Kitabu cha Wanyama, chenye juzuu saba. Alimtunukia waziri Ibn al-Zayyat, aliyefariki mwaka 847.

Humo aliwagawa wanyama mafungu manne: wanaotembea, wanaoruka, wanaoogelea na wanaotambaa. Lakini hakuridhika na mgawanyo huo wa juu juu. Alionyesha kwamba si kila aogeleaye ni samaki: kasa, chura, mamba na pomboo wote wamo majini, na hakuna hata mmoja wao aliye samaki. Nami niliyekulia ngalawani sikuwa nimelifikiri hilo, ingawa mara nyingi nimemwona pomboo akipanda juu kuvuta pumzi.

Hata hivyo, hakupata yote. Popo alimwacha katika ndege, ingawa alijua vyema kwamba popo huzaa, hunyonyesha na ana meno. Mbuni naye alimtoa katika ndege, licha ya manyoya yake, mdomo wake na mayai yake. Zaidi ya miaka 900 ilipita kabla Carl Linnaeus wa Uswidi, mwaka 1758, hajawaweka popo, nyangumi na pomboo katika kundi moja la wanyama wanyonyeshao. Wataalamu wa leo hupima hata chembe za urithi, nao wamegundua kuwa katika wanyama wa nchi kavu hakuna aliye karibu na pomboo kwa nasaba kama kiboko.

Sisi wa pwani tuna jambo jingine la kumkumbukia. Aliandika risala ya kuwatetea watu weusi dhidi ya waliowadharau, na humo akawataja Wazanji wa Qanbalu na Lanjuya. Wanahistoria wengi huona kuwa hizo ni Pemba na Unguja. Huenda basi majina ya visiwa vyetu yalikuwa yakiandikwa Iraki zaidi ya miaka elfu moja iliyopita.

Uzeeni alipooza upande mmoja, akarudi Basra, akaendelea kuandika. Alifariki mwishoni mwa mwaka 868 au mwanzoni mwa 869, akiwa amepita miaka 90. Husimuliwa kwamba vitabu vyake vilimwangukia vikamuua. Sijui kama ni kweli, lakini hadithi hiyo yamfaa.

Ijumaa iliyofuata nilimwita mjukuu wangu barazani, mbele ya wazee wale wale, nikawaeleza kwamba mtoto alisema kweli na mimi nilikosea. Kisha nikamwomba atueleze habari za popo.